Somo na Marejeo: Juu ya Maelekezo ya Wanagenzi Watungao Programu za Madirisha katika Linux

Makala haya yanahusu lugha ya maelekezo. Si maelekezo ya kila namna, bali yale waandikiwayo watu wanaoanza kutunga programu za madirisha katika kompyuta zinazoendeshwa kwa Linux: programu za kuandikia barua, za kutazama picha, za kuhesabu mali ya duka, na mfano wa hizo, zenye dirisha, menyu na vitufe vya kubonyeza. Huenda msomaji akauliza jambo hili laingiaje katika jarida la lugha. Jibu ni kwamba shida za wanagenzi hao, zikichunguzwa vema, ni shida za lugha kabla hazijawa shida za kompyuta: nani anasema, anamwambia nani, na anadhani msikilizaji wake anajua nini tayari.

Nitajaribu kuonyesha kwamba upungufu wa maelekezo haya si uhaba wa maneno. Maneno yako tele, na mengi yameandikwa kwa uangalifu mkubwa. Upungufu ni kwamba aina moja ya usemi imetwishwa kazi ya aina nyingine. Tena nitaonyesha kwamba Kiswahili, kwa maumbo ya kitenzi chake, chatupa kipimo chepesi cha kuzitambua aina hizo. Mwisho nitasema neno juu ya yatupasayo sisi tunaoshughulika na istilahi.

Asili ya maelekezo

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Aliyoitunga ni kiini tu cha mfumo wa kuendeshea kompyuta. Nacho kiliungana na zana za mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Kiini hicho hakina dirisha wala kitufe. Madirisha yalitoka katika miradi mingine, na mikubwa katika hiyo ni miwili: KDE, ulioanzishwa na Matthias Ettrich mwaka 1996, na GNOME, ulioanzishwa na Miguel de Icaza na Federico Mena mwaka 1997. KDE hujenga madirisha yake kwa zana ziitwazo Qt, zenye asili ya Norwe. GNOME hujenga kwa zana ziitwazo GTK, zilizozaliwa ndani ya GIMP, programu ya kuchorea picha iliyotungwa na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi huko Berkeley, Marekani.

Basi mwanagenzi hukuta njia panda kabla hajapiga hatua ya kwanza. Lakini hilo si zito sana. Njia panda yataka mtu wa kumwambia msafiri ashike ipi. Katika makala haya nitachukua mifano yangu kwa GTK, kwa sababu ndani yake jambo ninalolisema laonekana wazi zaidi.

Mtindo wa kuandika maelekezo katika jamii hii ni wa zamani kuliko Linux yenyewe. Watunzi wa mfumo wa Unix, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, walitoa kitabu cha maelekezo chenye tarehe 3 Novemba 1971. Kila amri ilipewa ukurasa wake, na kurasa zote zilikuwa na mpango mmoja: jina la amri, namna ya kuiandika, maelezo yake, na kasoro zake zijulikanazo. Mpango huo ungali hai katika Linux hata leo. Ni mpango mzuri, mfupi wa maneno na mkweli, kwani si kazi nyingi za wanadamu zenye fungu maalumu la kutajia kasoro zake. Lakini uliandikwa na mafundi kwa ajili ya mafundi wenzao, watu waliokwisha kujua kazi na waliotaka kukumbushwa tu.

Marejeo ya GTK ni mtoto wa ukoo huo. Sehemu kubwa ya maelezo yake huandikwa na mtunzi ndani ya msimbo wenyewe, pembeni mwa kila kifungu, kisha programu maalumu huyakusanya na kuyapanga yawe kitabu. Faida yake ni kubwa: maelezo hukaa karibu na kinachoelezwa, na ni vigumu kusahauliwa. Lakini yapo matokeo mengine. Mpango wa kitabu huwa ni mpango wa msimbo, wala si mpango wa mawazo ya mtu anayejifunza. Hakuna ukurasa wa kwanza. Jambo lisilo la kifungu chochote kimoja, bali la vyote pamoja, halina mahali pa kuandikwa.

Kamusi na sarufi

Wasomaji wa jarida hili wanayo mifano yao ya tofauti hii. Kamusi sanifu ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939. Sarufi ya E. O. Ashton ilitoka mwaka 1944. Vitabu vyote viwili vyazungumza juu ya lugha moja, na kila kimoja kimewafaa watu wengi. Lakini hatumpi mgeni kamusi tukamwambia ajifunze lugha kwayo. Kamusi hudai kitu kabla ya kutoa kitu. Mwenye kutafuta neno ndani yake sharti awe na neno la kutafuta. Kwa Kiswahili hudai zaidi, maana asiyejua kuvua viambishi hawezi kuliona neno *wamekwisha* mahali popote mpaka ajue kutafuta *isha*. Sarufi ya Ashton humshika mwanafunzi mkono, sura baada ya sura, ngeli baada ya ngeli, na hayo yatangulizwayo huwa ngazi ya kupandia yajayo.

Mwanagenzi wa GTK mara nyingi amepewa kamusi. Anataka kuandika jina la duka lake juu ya dirisha. Marejeo yanayo habari hiyo, tena kamili, chini ya jina hili: *gtk_window_set_title*. Lakini ili aifikie yampasa ajue kwamba maandishi yale ya juu huitwa *title*, kwamba ni mali ya dirisha wala si mali ya programu nzima, na kwamba tendo la kuyaweka huitwa *set*. Aliyejua hayo yote alikuwa amebakiza kidogo tu.

Jina lenyewe lastahili kutazamwa na mwanaisimu, kwa sababu limeungwa kwa vipande kama kitenzi chetu. *Gtk* ni ukoo. *Window* ni kitu kinachotendwa. *Set* ni tendo. *Title* ni sifa inayowekwa. Vipande vina mahali pake na havibadilishani nafasi, kama vile katika *hawakukisoma* hatuwezi kukitanguliza kiambishi cha wakati mbele ya kile cha mtenda. Mtu akiisha kufundishwa mpango huu ataweza kukisia mamia ya majina asiyopata kuyaona: akijua *set_title* atadhani kuna *get_title*, naye atakuwa amedhani kweli.

Zaidi ya hayo, umbo hilo refu ni la lugha ya C. Wanagenzi wengi huanza kwa Python, na huko jina hupunguzwa. Mtu akiwa amelipa dirisha lake jina *dirisha*, huandika *dirisha.set_title*, basi. Ukoo na aina ya kitu vimeachwa kwa kuwa vimekwisha kujulikana kwa kile kilichotangulia. Nasi hufanya vivyo hivyo tunapoacha kusema *watoto* na kusema *wamekuja* tu. Kanuni hii yaelezeka kwa ukurasa mmoja. Asiyepewa ukurasa huo husoma marejeo ya lugha asiyoitumia, akifasiri kila mstari peke yake, bila kujua kwamba anafasiri.

Maneno yaliyokwisha muda

Kuna shida ya pili, nayo ni ya wakati. Toleo la kwanza la GTK lililokamilika lilitoka mwaka 1998, la pili mwaka 2002, la tatu mwaka 2011, na la nne mwaka 2020. Kila toleo kuu huacha baadhi ya maneno ya lile lililotangulia. Katika toleo la tatu mtu aliingiza kitufe katika dirisha kwa neno *add*. Katika la nne hana budi kusema *set_child*. Alipanga vitu ndani ya kisanduku kwa *pack_start*. Sasa husema *append*. Aliianzisha kazi ya kungoja kwa *gtk_main*. Neno hilo limeondolewa kabisa.

Mabadiliko hayo yana sababu zake, wala si shabaha yangu kuyalaumu. Lugha zote hubadilika. Tofauti ni kwamba mzee asemaye Kiswahili cha zamani tungali tukimwelewa, ilhali kompyuta haielewi neno lililofutwa. Na masomo ya zamani hayafi pamoja na maneno yake. Hubaki yakisomwa, yenye sura nzuri kama siku yalipoandikwa. Katika Python jambo huwa baya zaidi. Mwanagenzi asipotaja toleo analolitaka, chombo kiunganishacho Python na GTK huonya tu, kisha huchukua toleo jipya kuliko yote lililomo katika kompyuta. Kwa hiyo mfano uliokuwa sahihi kila herufi wakati ulipoandikwa huvunjika mikononi mwake, naye hudhani amekosea yeye.

Afadhali hata kuvunjika, kwa maana kosa likitajwa laweza kutafutwa. Katika toleo la tatu vyombo vilivyomo ndani ya dirisha havikuonekana mpaka viagizwe vionekane. Aliyesahau agizo hilo alipata dirisha tupu, wala hakuambiwa kwamba pana kosa lolote. Katika toleo la nne vyombo huonekana vyenyewe, na ni dirisha kuu tu linalohitaji kuagizwa. Somo lisilotaja toleo lake laweza kumpotosha mtu kwa njia zote mbili.

Aina nne za usemi

Daniele Procida amefundisha kwamba maelekezo ya programu ni ya aina nne, na mpango wake, auitao Diátaxis, umefuatwa na miradi mingi. Nitaziita aina hizo somo, mwongozo, marejeo na ufafanuzi. Somo humlea anayejifunza. Mwongozo humsaidia anayefanya kazi akijua anachokitaka. Marejeo hueleza kitu kilivyo. Ufafanuzi hutoa sababu. Procida amezigawa kwa kutazama haja ya msomaji. Ninalotaka kuongeza ni kwamba katika Kiswahili aina hizi hujitambulisha zenyewe kwa maumbo ya vitenzi. Tazama mifano hii, yote juu ya kitufe kimoja.

Somo husema: "Sasa tuongeze kitufe. Andika mistari hii miwili chini ya ule wa tatu, kisha endesha programu. Utaona kitufe kimoja kilichojaza dirisha lote. Usishangae, tutakipunguza katika hatua ijayo."

Mwongozo husema: "Ukitaka kitufe kisibonyezeke mpaka mtumiaji aandike jina lake, kizime kwanza, kisha kiwashe maandishi yanapobadilika."

Marejeo husema: "*clicked*: Hutolewa kitufe kinapobonyezwa na kuachwa."

Ufafanuzi husema: "Kama programu ingefikia mstari wake wa mwisho na kumalizika, dirisha lisingekaa hata kidogo. Ndiyo sababu programu ya madirisha huingia katika mzunguko wa kungoja."

Katika somo twaona *tu-* ya kumwingiza msomaji katika kazi, amri iliyo wazi, na wakati ujao, *utaona*, ambao ni ahadi. Katika mwongozo twaona *-ki-* ya sharti: mwandishi hamjui msomaji, lakini ajua kwamba ana haja fulani. Katika marejeo twaona *hu-*, isiyochukua kiambishi cha nafsi. Hapana mimi wala wewe, kuna kitu na desturi yake. Katika ufafanuzi twaona *-nge-*, kwa sababu kueleza kwa nini jambo liko hivi ni kuonyesha vile ambavyo lingekuwa kama sivyo.

Sisemi kwamba kila ukurasa utakuwa na umbo moja tu. Nasema kwamba umbo litawalalo ni dalili. Mtu na auchukue ukurasa wowote wenye jina la somo, auweke katika Kiswahili, kisha apige mstari chini ya vitenzi. Akikuta *hu-* kila mahali na hapana *utaona* hata moja, basi ni marejeo yaliyovaa kanzu ya somo.

Katika aina hizo nne, ufafanuzi wastahili neno zaidi, kwa kuwa ndio usahauliwao kuliko zote. Mwanagenzi huja kutoka katika programu ndogo za maandishi. Huko programu ndiyo iongozayo mazungumzo: huuliza jina, mtu hujibu, huuliza umri, mtu hujibu, kisha hukoma. Katika programu ya madirisha zamu zimegeuzwa. Mtu ndiye anayeanza kusema, wakati wowote na kwa kitufe chochote, na programu ndiyo ingojayo na kujibu. Ndiyo maana mtunga programu huandika majibu kabla ya maswali: huiambia GTK, "kitufe hiki kikibonyezwa, ita kifungu kile." Asiyeelezwa mgeuzo huu huendelea kutafuta mstari wa programu yake ambapo kitufe hubonyezwa, na mstari huo haupo. Marejeo hayatamwambia, maana si habari ya kitufe wala ya dirisha. Ni habari ya mazungumzo.

Sifa za somo jema

Kutokana na hayo yaliyotangulia yatoka masharti machache. Kwanza, somo litaje katika mstari wake wa mapema toleo la zana na mwaka lilipoandikwa, na msimbo wake uitaje namba ya toleo. Pili, kila hatua iwe na programu nzima iwezayo kuendeshwa, si kipande cha kuchomekwa mahali pasipotajwa. Tatu, kila hatua ifuatwe na *utaona*, na msomaji aambiwe pia dalili za kukosea: "ukiona dirisha tupu, tazama tena mstari wa tano." Nne, somo lishike njia moja. Kuchagua kati ya lugha tano na zana mbili ni kazi ya ajuaye, mwanagenzi huchaguliwa. Tano, kabla halijatolewa, lisomwe na mtu asiyejua, mwandishi akikaa kimya pembeni. Mahali msomaji anaposita ndipo mwandishi alipodhani kinajulikana kitu kisichojulikana.

Yafaa kuyakubali mema yaliyokwisha kutendwa. Maelekezo ya Qt kwa muda mrefu yamekuwa na mifano mingi iliyo kamili. GNOME nao waliyapanga upya maelekezo yao ya watunga programu mwaka 2021, na humo masomo ya wanaoanza yamewekwa mbali na marejeo. Kadhalika yafaa kukumbuka kwamba wengi wa waandishi hawa hufanya kazi bila ujira. Wapo wasemao kwamba msimbo wenyewe ndio maelekezo, na kwamba anayeshindwa kuusoma hayuko tayari. Hoja hiyo ni sawa na kusema kwamba mazungumzo ya watu sokoni ndiyo sarufi. Kweli sarufi yote imo humo. Lakini wachache ndio waliojifunza kwa njia hiyo wakiwa watu wazima, na hatuwasikii wale walioshindwa, kwa sababu walikwenda zao.

Yatupasayo

Sasa nageukia upande wetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu na maagizo ya Kiswahili. Mradi huo ulitayarisha pia orodha ya istilahi za kompyuta. Ilikuwa kazi ya heshima, na kwa sehemu kubwa iliwezekana kwa kuwa programu hizo zilikuwa huru: msimbo wake uliruhusiwa kufunguliwa na kubadilishwa na mtu yeyote. Lakini ilimhudumia mtumiaji wa programu. Mtunga programu bado yuko mlangoni.

Tukitaka kumhudumia naye, desturi yetu itatuvuta tuanze kwa orodha ya istilahi, kisha tufasiri marejeo. Naona tutakuwa tumeanzia mwisho. Marejeo ya GTK yakifasiriwa yote, kwa Kiswahili safi kabisa, yatabaki kuwa kamusi, na kijana wa Tanga au Kisumu atakwama pale pale akwamapo kijana wa Uingereza aliyezaliwa na Kiingereza kinywani. Orodha ya istilahi nayo ni marejeo. Humfaa mwenye neno la kutafuta. Tena kuna hasara nyingine: istilahi iliyobuniwa mezani, kabla haijatumiwa kumfundishia mtu yeyote, haijapata kujaribiwa. Hatujui kama *kisanduku* kitamfaa mwanafunzi mpaka tumwone akipanga vitufe ndani yake.

Kwa hiyo napendekeza njia iliyo kinyume. Litungwe kwanza somo moja, fupi, kwa Kiswahili tangu mwanzo bila kufasiriwa kutoka kokote: tuseme programu ya kuandikia wadeni wa duka, yenye dirisha moja, sehemu ya kuandikia jina, kitufe na orodha. Maneno ya GTK yenyewe yataachwa yalivyo, maana kompyuta haijui mengine. Lakini majina anayoyatoa mtungaji, kama *dirisha*, *jina* na *deni*, yatakuwa ya Kiswahili, na kompyuta itayapokea bila kinyongo. Somo lipewe watu kumi wasiojua. Istilahi zichukuliwe humo, zile zilizoeleweka zikiandikwa na zile zilizokwamisha zikiachwa. Baada ya hapo miongozo ifuate, kisha ufafanuzi, na marejeo yawe ya mwisho.

Jambo hili si la anasa. Katika Tanzania mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha katika sekondari hukuta masomo mengi yakifundishwa kwa Kiingereza. Akitaka kutunga programu hukuta juu ya lugha hiyo ya pili usemi wa mafundi waliokuwa wakisemezana wenyewe. Ni vizuizi viwili, na tumezoea kukiona kimoja tu. Asiyevuka dirisha la kwanza hubaki mtumiaji wa yaliyotungwa na wengine, hata yakiwa yamefasiriwa kwa lugha yake. Kizuizi cha pili hakiondolewi kwa kufasiri. Huondolewa na mtu ajuaye tofauti kati ya *hutolewa* na *utaona*, nao wajuao tofauti hiyo kwa kazi yao ya kila siku ndio wasomao jarida hili.